Naomba ushauri: mtihani wa kupiga kanuni peke yangu

Habari zenu wakubwa. Nasoma muziki chuo kikuu, mwaka wa pili, na ala yangu kuu ni kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayopigwa kwa vidole. Kwenye kikundi cha taarab sina shida. Nikiteleza, fidla na kodiani zinanifunika. Mwezi ujao napiga peke yangu dakika 20 mbele ya walimu. Chumbani taksimu, yaani kipande cha kubuni papo hapo, inatoka vizuri tu. Mbele za watu vidole vinatoa jasho, pete za kupigia zinalegea, nami nakimbia hadi maqamu (mpangilio wa sauti) ya Rasti naiacha kabla haijakaa masikioni.

Mliopitia hili, mlizoeaje ule ukimya baina ya vipande? Nijirekodi kila siku, au nianze kwa kupigia wasikilizaji wawili watatu? Naipenda mno ala hii, nisaidieni.