Mjadala: Shule ya serikali ikilipisha, sheria iiite ya umma?

Mzazi wa Temeke
Wakuu, habari za jioni. Sera ya Elimu toleo la 2023 imeshazinduliwa, elimu ya lazima ni miaka kumi, ila Sheria ya Elimu tunayoitumia bado ni ile ya 1978 yenye viraka. Ikifumuliwa, naomba mambo mawili yaingie. Kwanza itamke shule ya umma ni ipi. Olympio, Diamond na Arusha School ni za serikali, walimu wa serikali, lakini ni mchepuo wa Kiingereza na mzazi analipa. Shule ya mtaani kwangu nayo ni ya serikali, ada hakuna, na watoto wanabanana wanne dawati moja. Zote tunaziita za umma. Pili, ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari iandikwe kwenye sheria, tena ipande bei zikipanda. Elimu bila ada ilikuja kwa Waraka Na. 5 wa 2015. Waraka anaufuta mtu akiwa ofisini kwake, bila kumuuliza mbunge yeyote. Mnasemaje?

Nyundo
Hiyo 10,000 ni ya enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, 2002 kama sikosei, ilipigwa hesabu ya dola kumi. Leo dola kumi inacheza kwenye 25,000. Hapo niko na wewe. Ila hizo za Kiingereza ziache, zinapunguza mzigo. Na tuseme ukweli, sheria si tatizo, tatizo ni wazazi. Mtu anachangia harusi laki mbili, akiombwa elfu mbili ya dawati anapiga simu redioni kulalamika.

Dada wa Mbagala
Nyundo, laki mbili ya harusi umeiona mkononi mwa nani? Mimi nauza maandazi, nina watoto watatu shule ya msingi. Kila asubuhi wanadai: hela ya uji, hela ya mtihani wa Ijumaa, hela ya "tuisheni" ambayo ni somo lile lile la mchana limehamishiwa jioni. Mtoto asiyelipa mtihani anakaa nje anasubiri wenzake wamalize. Wangu amekaa. Halafu unakuja kuniambia harusi!

Mgosi
Dada umenena. Ila na harusi nazo zimezidi, tusifichane. Siku hizi kadi inakuja na kiwango: mtu mmoja elfu hamsini, wawili laki.

Nyundo
Asante Mgosi. Dada, sikukutaja wewe. Nimesema wazazi kwa ujumla.

Dada wa Mbagala
Wazazi kwa ujumla ndio sisi.

Mwalimu wa Zamu
Mama wa maandazi, pole, na mtoto kukalishwa nje ni kosa, mwalimu mwenzangu aliyefanya hivyo simtetei. Lakini mnapotutukana wekeni na hesabu mezani. Katika ile 10,000, 4,000 inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Shuleni inafika 6,000. Shule ya watoto 600 inapata milioni 3 na laki sita kwa mwaka, yaani laki tatu kwa mwezi. Humo toa chaki, rimu za karatasi, wino wa kudurufu mitihani, bili ya maji, bili ya umeme, mipira, na bawaba ya mlango wa choo cha wasichana inayong'oka kila baada ya wiki mbili kwa sababu mlango mmoja unatumiwa na watoto mia. Mlinzi hayumo kwenye ajira za serikali. Ukimpa laki na nusu, nusu ya hela imeishia getini, na bado hujanunua hata kufuli. Mkuu wa shule afanye nini? Aliyesema michango marufuku, Januari 2018, hakuongeza hata senti kwenye ile 6,000.

Kibonge
Mwalimu usimguse Hayati Magufuli. Aliyefuta ada hadi sekondari ni yeye.

Mwalimu wa Zamu
Sijamtukana mtu. Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa 20,000 na bweni 70,000, akaifuta, watoto wakamiminika, na mimi nilishangilia. Nasema fedha ya kuwapokea haikukua pamoja nao. Darasa langu la kwanza nimekuwa nikifundisha watoto walioketi hadi chini ya ubao. Hilo na lenyewe ni kumgusa?

Kibonge
Mngekuwa na moyo mngefundisha hata chini ya mwembe kama walimu wetu wa zamani.

Mwalimu wa Zamu
Mwembe haudurufu mtihani, kaka.

Mkaazi wa Likoni
Ndugu zetu, salamu kutoka Mombasa. Mzee wa Temeke anataka sheria. Sisi Kenya tunayo, Sheria ya Elimu ya Msingi, tangu 2013. Kifungu cha 43 kinasema shule ya umma ni iliyoanzishwa, inayomilikiwa au kuendeshwa na serikali, na zile za wafadhili, kama za makanisa, zimo. Kifungu cha 29 kinakataza karo. Lakini hicho hicho kimeacha mlango: malipo mengine yanaruhusiwa waziri akiidhinisha, mradi mtoto asifukuzwe. Nenda Januari pale getini uone watoto wanavyorudishwa. Mgao wa sekondari ni shilingi 22,244 za Kenya kwa mwanafunzi, na 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge wazi kwamba hazina haiwezi kuutoa wote. Mkiandika sheria yenu, andikeni na nani anashtakiwa fedha isipofika.

Mzazi wa Temeke
Ahsante ndugu wa Likoni, hapo ndipo nilipotaka tufike. Shule ambayo mzazi halipi ikipata 6,000, na inayolipisha ikipata hiyo 6,000 juu ya ada, basi serikali inawaongezea wenye nacho. Sheria iseme: ukilipisha, ruzuku yako inahamia kwa asiyelipisha.

Nyundo
Kwa hiyo mimi niliyejinyima nikampeleka mwanangu mchepuo wa Kiingereza niadhibiwe? Kodi silipi?

Dada wa Mbagala
Aaa, kumbe. Ndiyo maana ulisema "hizo ziache". Kodi nalipa na mimi, Nyundo. Kila mfuko wa ngano ninaobeba una kodi ndani.

Nyundo
Dada usinipangie pa kumpeleka mtoto. Ningekuwa naenda harusini kila Jumamosi nisingeweza.

Mgosi
Tumerudi harusini. Na kipaimara mmekisahau. Na mahafali ya chekechea, mtoto wa miaka mitano anavalishwa joho, mzazi anadaiwa elfu sitini!

Dada wa Mbagala
Mahafali ya joho yako huko huko kwa kina Nyundo. Kwetu darasa la saba wanaagwa kwa soda, na hiyo soda tunachanga.

Mzazi wa Temeke
Jamani. Kwa sababu msingi unakuwa wa miaka sita, mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja, 2028 wote wanagonga kidato cha kwanza kwa mkupuo. 25,000 ni ile ile, na nusu yake tena inabaki juu kwa vitabu. Nani ameshamuuliza mbunge wake?

Kibonge
Mbunge wangu namwona kwenye harusi tu.

Mwalimu wa Zamu
Basi muulize hapo hapo kabla hajatoa ahadi ya meza kuu. Muulize ruzuku ya Januari iliingia lini kwenye akaunti ya shule ya kata yake. Halafu njoo uandike hapa alichokujibu, maana sisi tunaambiwa tusiulize.

Dada wa Mbagala
Mwalimu, na mtoto wangu Ijumaa hii atafanya mtihani au atakaa nje?