Sarafu mpya isiyochimbwa: ni nini kinachomzuia mtu kuandika upya blokucheni yake?

Kibatari aliuliza:

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimekuwa nikisoma waraka wa sarafu mpya ya kidijitali ambayo waanzilishi wake wanasema haichimbwi kabisa. Sarafu zote zilitolewa siku ya kwanza, na bloku mpya (mafungu ya miamala yanayoungwa moja baada ya jingine kuwa mnyororo, yaani blokucheni) huundwa na wenye sarafu wenyewe kwa utaratibu unaoitwa uthibitisho wa hisa. Waraka unasifu sana uokoaji wa umeme, na kwa hilo sina ubishi. Kinachonitatiza ni usalama.

Kwenye Bitcoin hesabu yake naielewa. Anayetaka kufuta muamala uliokwisha kuandikwa hana budi kurudia kazi, yaani mahesabu mazito ya kompyuta, ya bloku ile na ya zote zilizofuata, tena kwa kasi kuliko wachimbaji wengine wote wakijumlishwa, na kazi hiyo hulipiwa kwa umeme na mashine. Ukiiondoa kazi, bloku inabaki kuwa data iliyotiwa sahihi ya kidijitali, na kutia sahihi ni jambo ambalo kompyuta ndogo hulifanya mara maelfu bila gharama ya maana. Sasa ni nini kinachomzuia mtu kujitengenezea mnyororo wake pembeni, kisha akautangaza kuwa ndio wa kweli? Na mtu akijifungulia akaunti elfu kumi, je, hapati nafasi elfu kumi za kuchaguliwa? Naomba mwenye ujuzi anifafanulie, maana waraka wenyewe unapita juu juu mahali hapo hasa.

Fundi wa Nodi alijibu:

Ndugu Kibatari, swali la akaunti elfu kumi ndilo jepesi, kwa hiyo nianze nalo. Katika mfumo huu nafasi haihesabiwi kwa akaunti, inahesabiwa kwa salio. Mwenye sarafu 1,000 katika akaunti moja na mwenye sarafu 1,000 alizozitawanya katika akaunti mia wana uwezekano uleule wa kupata zamu ya kuunda bloku. Kujigawa hakumwongezei mtu chochote.

Je, zamu hupatikanaje bila mashindano ya umeme? Tuichukue Nxt, iliyoanza mwaka 2013 na kuachana na uchimbaji moja kwa moja. (Peercoin ya mwaka 2012 iliitangulia kutumia hisa, lakini yenyewe ilibaki na uchimbaji kando yake.) Kila bloku ya Nxt hubeba alama maalumu. Programu ya kila mwenye akaunti huchukua alama ya bloku ya mwisho, huiunganisha na ufunguo wa umma wa akaunti, kisha huipitisha katika heshi, yaani fomula inayogeuza data yoyote kuwa namba isiyotabirika. Kutokana na matokeo hayo hupatikana namba moja kubwa, ambayo kwa zamu hiyo ni ya akaunti hiyo peke yake na haibadiliki. Upande wa pili kuna kiwango cha kulinganishia, kinachopatikana kwa kuzidisha vitu vitatu: kigezo cha mtandao mzima, sekunde zilizopita tangu bloku ya mwisho, na salio la akaunti. Kila sekunde kiwango hicho hupanda, na kwa mwenye salio kubwa hupanda haraka zaidi. Akaunti ambayo kiwango chake kinaipita namba yake kabla ya wengine ndiyo inayounda bloku, na malipo yake ni ada za miamala iliyomo, kwa kuwa hakuna sarafu mpya zinazozaliwa.

Zingatia kwamba heshi hiyo hukokotolewa mara moja tu kwa kila zamu, ndiyo maana kompyuta ya kawaida inatosha. Zingatia pia kwamba alama ile haitegemei miamala iliyomo ndani ya bloku. Inatokana na alama iliyotangulia na ufunguo wa aliyeunda bloku. Laiti ingetegemea miamala, muundaji angeipanga na kuipangua mara maelfu hadi apate mpangilio unaompa yeye zamu inayofuata pia, na hapo uchimbaji ungekuwa umerudi kwa mlango wa nyuma. Vilevile, sarafu zilizoingia katika akaunti hazihesabiwi hadi zitulie kwa bloku 1,440, takribani siku moja, ili mtu asizihamishie dakika ile ile kwenye akaunti aliyoiona ina namba nzuri.

Kuhusu mnyororo wa pembeni: mwenye asilimia tano ya sarafu, akifanya kazi peke yake, atangoja muda mrefu sana kati ya bloku moja na nyingine. Nodi, yaani kompyuta zinazotunza na kukagua nakala ya mnyororo, haziangalii urefu wake tu, huangalia jumla ya ugumu uliolimbikizwa, na mnyororo ulioungwa mkono na hisa chache huwa mwepesi kuliko ule wa wengi. Ataweza kuutangaza, lakini nodi zitauacha.

Mizani alijibu:

Mkuu Fundi ameeleza vizuri jinsi zamu inavyopatikana, ila naona amelipita lile ambalo Kibatari alilishika vyema, kwamba sahihi haina gharama. Hapo ndipo penye shina la tatizo, nami naomba nikae hapo.

Tuseme mnyororo umegawanyika matawi mawili. Mchimbaji analazimika kuchagua, kwa sababu umeme alioutumia kwenye tawi hili hauwezi kutumika kwenye tawi lile. Mwenye hisa hana ulazima huo. Sarafu zake zipo katika matawi yote mawili, na akitia sahihi kotekote atavuna ada tawi lolote litakaposhinda. Kila mmoja akifuata faida yake namna hiyo, matawi yote mawili yanaendelea kuota, na mshambuliaji mwenye hisa kidogo tu anatosha kuliinua tawi analolitaka, kwa kuwa wengine wote wanaunga mkono kila upande. Mifumo ya mwanzo ilitegemea kwamba watu wengi wataendesha programu kama ilivyo, bila kuibadilisha. Si tegemeo baya, lakini si ulinzi.

Jibu lililopatikana baadaye ni kuweka dhamana inayoweza kupotea. Ethereum ndiyo mfano mkubwa: mnyororo wake wa hisa ulianza tarehe 1 Desemba 2020 ukienda sambamba na ule wa uchimbaji, na tarehe 15 Septemba 2022 uchimbaji ukazimwa, matumizi ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Anayetaka kuwa mthibitishaji hufungia angalau ETH 32, yaani sarafu za Ethereum yenyewe. Kila sekunde 12, muda unaoitwa nafasi, mmoja huteuliwa kupendekeza bloku, na katika kila kipindi cha nafasi 32, yaani dakika 6 na sekunde 24, kila mthibitishaji hupiga kura mara moja kutaja kituo cha ukaguzi anachokitambua, yaani bloku inayowekwa kama alama ya kipindi. Kituo kikipata theluthi mbili ya dhamana yote huhesabiwa kuwa kimeidhinishwa, na kinachofuata kikiidhinishwa pia, kile cha kwanza huwa cha mwisho, hakirudi nyuma.

Sasa iangalie hesabu yenyewe. Chukua wathibitishaji 300 wenye dhamana sawa. Kituo kinahitaji sahihi 200. Ikiwa vituo viwili vinavyopingana vimepata sahihi 200 kila kimoja, jumla ni sahihi 400 kutoka kwa watu 300. Kwa hiyo angalau 100 wametia sahihi pande zote mbili, na hakuna njia ya kulificha hilo, kwa sababu ushahidi ni sahihi zao wenyewe. Yeyote aliyeziona zote mbili anaweza kuziwasilisha kwenye mnyororo, wahusika wakakatwa dhamana na kutolewa. Hakuna hakimu anayehitajika, wala haulizwi mtu alikuwa na nia gani. Mpaka huu wa theluthi haukubuniwa na watu wa sarafu. Umo katika andiko la wanasayansi wa kompyuta Lamport, Shostak na Pease la mwaka 1982 kuhusu majenerali wasioaminiana.

Adhabu nayo imepimwa. Mtu aliyewasha ufunguo mmoja kwenye mashine mbili kwa uzembe, na hiki ndicho chanzo cha matukio mengi ya kukatwa, hupoteza sehemu ndogo. Lakini kadiri wanaonaswa karibu na wakati mmoja wanavyokuwa wengi, ndivyo makato yanavyopanda, na wakifikia theluthi ya mtandao dhamana inaweza kuisha yote. Ulinzi umewalenga wanaokula njama, si mzembe mmoja.

Kwa maoni yangu hapa ndipo dhamana inapouzidi uchimbaji. Mshambuliaji wa uchimbaji akishindwa leo, mashine zake anazo, kesho anajaribu tena. Wa dhamana amebaki mikono mitupu.

Mkongwe wa Funguo alijibu:

Hesabu ya Mizani ni sahihi, nami siipingi. Ninachotaka kuongeza ni kwamba dhamana humkamata mtu ambaye dhamana yake bado ipo.

Wathibitishaji wa zamani wakishachukua fedha zao na kuondoka, funguo zao za siri zinabaki mikononi mwao, na hazina thamani tena kwao. Mtu anaweza kuzinunua kwa bei ya chini, akarudi hadi wakati ambapo funguo hizo zilishika wingi wa hisa, na kuanzia hapo akaandika historia nyingine yenye sahihi halali kila mahali. Nodi ambayo haikuzimwa tangu wakati huo haitababaika, kwa kuwa iliishuhudia historia ya kweli ikipita. Inayoingia mtandaoni leo kwa mara ya kwanza inaona minyororo miwili na haina kitu ndani ya data kitakachoiambia upi ni upi. Kwenye Bitcoin ingelinganisha kazi iliyofanyika, ambayo haighushiki. Vitalik Buterin, mwanzilishi wa Ethereum, mwenyewe alilikubali jambo hili waziwazi mwaka 2014: nodi mpya, au iliyolala muda mrefu, sharti ipate kituo cha karibuni kutoka kwa chanzo inachokiamini. Nxt hukataa kabisa kurudi nyuma zaidi ya bloku 720. Peercoin katika miaka yake ya mwanzo ilitegemea vituo vilivyotangazwa na msanidi wake, yaani imani kwa mtu mmoja. Watu wajue kwamba kiasi fulani cha imani kimo ndani ya mfumo, na wajue kimekaa wapi.

Kuna na hili, ambalo kwa sarafu mpya nalihofia kuliko yote. Ulinzi ukiwa ni sarafu, basi aliyegawa sarafu siku ya kwanza ndiye aliyegawa ulinzi. Sarafu zote za Nxt, bilioni moja, zilianzia kwa wachangiaji 73. Isitoshe, sarafu nyingi za watu hulala kwenye masoko ya kubadilishia, na soko ndilo lenye ufunguo. Mwanzoni mwa Machi 2020 masoko makubwa yalitumia sarafu za Steem (mtandao ambao wenye sarafu huchagua wathibitishaji kwa kura) zilizowekwa na wateja wao kupiga kura zilizowaondoa wathibitishaji waliokuwepo. Kabla mwezi huo haujaisha sehemu ya jumuiya ilijitenga na kuanzisha mnyororo wa Hive. Hesabu za mtandao hazikuvunjwa hata kidogo; kura zilikuwa halali zote.

Mizani alijibu:

Mkuu Mkongwe, la Steem ni la kweli na linauma. Hata hivyo, sarafu mpya ikichagua uchimbaji haipati nafuu. Nguvu za kuchimba hukodishwa kwa saa. Agosti 2020 Ethereum Classic, sarafu inayochimbwa, ilishambuliwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na ile haikuwa sarafu changa. Hisa angalau mshambuliaji lazima azinunue, bei ikimpandia kadiri anavyonunua, na shambulio likifaulu linashusha thamani ya alichonacho.

Kibatari aliandika:

Nawashukuru sana nyote. Nimerudi kwenye waraka nikiwa na maswali yenu. Bloku moja kwa dakika. Nodi hazirudi nyuma zaidi ya bloku 720. Adhabu ya kukatwa dhamana haimo, wala dhamana yenyewe hamna, salio tu linahesabiwa. Kuhusu mgawanyo wa mwanzo, imeandikwa tu kwamba sarafu ziligawiwa wachangiaji, bila orodha. Mpaka huu wa bloku 720 unatosha kufidia ukosefu wa adhabu?

Fundi wa Nodi alijibu:

Hautoshi, ingawa una kazi yake. Bloku 720 kwa dakika moja moja ni saa 12. Nodi iliyo macho muda wote haiwezi kuandikiwa upya historia ya zamani kuliko hapo, kwa hiyo funguo za zamani alizozitaja Mkongwe hazitaisumbua. Nodi iliyozimwa kwa zaidi ya saa hizo haina kinga hiyo, na kabla ya kuiamini unapaswa kulinganisha heshi ya bloku yake ya mwisho na ile ya watu kadhaa unaowajua.

Ndani ya saa 12 zenyewe uko katika hali aliyoieleza Mizani: kuunga mkono matawi mawili hakumgharimu mtu kitu. Na penye mpaka pana hatari ya kipekee. Mshambuliaji mwenye hisa za kutosha akilificha tawi lake, kisha akaliachia dakika ileile linapofikia bloku ya 720, nodi zilizolipata mapema zitaona liko ndani ya mpaka na kulifuata, na zilizolipata kwa kuchelewa bloku moja zitalikataa. Kuanzia hapo kila upande unaona uko sawa na hautarudi nyuma, mtandao umegawanyika, na hakuna programu itakayouunganisha hadi watu wakubaliane nje ya mtandao ni upande upi wautupe. Shambulio hilo linahitaji hisa nyingi, si akili nyingi, na ndiyo maana orodha ya wachangiaji isiyochapishwa ingenizuia mimi kupokea malipo makubwa kwa sarafu hiyo. Waulize waanzilishi anwani za mgawanyo wa kwanza. Kwa kuwa sarafu zote zilitolewa siku moja, bloku ya kwanza inazo zote, na mwenye nodi anaweza kuzihesabu mwenyewe, akaona ni anwani ngapi zinatosha kufikisha nusu ya hisa, ingawa nyuma ya anwani kadhaa anaweza kuwapo mtu mmoja.