Tupeane uzoefu: Kukosa pumzi huku kila kipimo kikisomeka vizuri

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu kupumua kwa shida pasipo chanzo kujulikana. Kwangu hali hii huja kama njaa ya hewa: navuta pumzi lakini haifiki mwisho, kisha napiga miayo mfululizo hadi mmoja ukubali kushuka, na baada ya dakika chache naanza upya. Picha ya eksirei ya kifua ni safi, kipimo cha umeme wa moyo ni kizuri, na oksijeni ya damu, inayopimwa kwa kifaa cha kubana kidoleni, haijawahi kusomeka chini ya asilimia 97. Mara ya mwisho niliambiwa nipunguze mawazo. Sikatai kwamba mawazo yanaweza kubana kifua, ila jibu hilo lilitolewa bila mtu yeyote kuniuliza hali hii huja saa ngapi, nikiwa nafanya nini, wala huondokaje.

Waliopitia haya watueleze ilianzaje, kipimo gani hatimaye kilitoa jibu, na walijisaidiaje wakati wa kusubiri. Natanguliza tahadhari: mwenye maumivu ya kifua, midomo iliyogeuka buluu, anayekohoa damu, aliyevimba mguu mmoja ghafla, au anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, asikae kusoma hapa. Aende hospitali sasa hivi, kwa kuwa bonge la damu kwenye mapafu huweza kuua kwa muda mfupi.

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana, mleta mada. Mimi nilikuwa nikipanda ngazi nasimama katikati na kujifanya nasoma ujumbe kwenye simu, ili walio nyuma yangu wapite. Kidoleni kifaa kilisoma 98 kila mara, na hicho ndicho kilichotuchelewesha, maana kila aliyekiona aliridhika. Daktari aliyenipatia jibu alianza kwa kuvuta kope yangu ya chini na kutazama rangi ya ndani, akakifungua kiganja changu, kisha akaniuliza kuhusu hedhi, swali ambalo sikulitarajia kwa mtu aliyekuja na tatizo la kifua. Akaagiza kipimo cha wingi wa damu. Himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ilikuwa 7, wakati Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mwanamke asiye mjamzito ana upungufu wa damu anapokuwa chini ya gramu 12 kwa desilita.

Alinifafanulia kwamba kifaa cha kidoleni huonyesha ni asilimia ngapi ya himoglobini iliyopo imebeba oksijeni, lakini hakisemi himoglobini yenyewe ni kiasi gani. Ni sawa na kuthibitisha kwamba kila gari limejaa abiria bila kuuliza magari yako mangapi. Nilipewa dawa za madini ya chuma, na uvimbe wa kizazi uliokuwa ukinimwaga damu ukatibiwa. Pumzi ilirudi polepole, lakini ilirudi.

Mchangiaji wa pili

Naongezea kuhusu kifaa hicho. Mwaka 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba vifaa vya kidoleni vinaweza kukosea, ikataja miongoni mwa sababu rangi ya ngozi, ubaridi wa ngozi na rangi ya kucha. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, kifaa huweza kusoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo namba nzuri isimzuie mtu kusema kwamba anaumwa.

Ama kwa upande wangu, kliniki nilikuwa nikienda saa nne asubuhi, ilhali shida yangu ilikuwa saa tisa usiku. Spirometri, kile kipimo cha kupuliza kwa nguvu kwenye mrija, ilitoka vizuri, na kwa kuwa sikuwa na mlio wa filimbi kifuani bali kikohozi kikavu na kubanwa tu, pumu ikaondolewa kwenye orodha. Daktari mwingine akanipa kifaa kidogo cha kupuliza, kinachopima kasi ya pumzi inayotoka, niende nacho nyumbani, nikaandika namba kila ninapoamka na kila jioni. Nilipompelekea daftari hakuhitaji maelezo mengi: alfajiri namba zilikuwa chini, jioni zilikuwa juu, siku baada ya siku. Ilikuwa pumu. Ugonjwa huu hupanda na kushuka, na mtu akipimwa ukiwa umetulia huonekana mzima kabisa.

Mchangiaji wa tatu

Mzee wetu alianza kwa kuongeza mito. Akilala chali anakosa hewa, akikaa anapata nafuu. Jioni viatu vinambana, nasi tukadhani ni uzee. Eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha kwamba moyo wake haukuwa unasukuma damu ipasavyo. Tafadhali muulizeni kila mzee anayehema: unalalaje?

Mchangiaji wa nne

Yangu ilikaa kooni. Nilitibiwa pumu kwa miaka, na kila dawa ya kuvuta iliposhindwa, dozi iliongezwa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba dawa kushindwa kulichukuliwa kuwa ugumu wa ugonjwa badala ya kuwa dalili kwamba huenda ugonjwa ni mwingine. Mimi nilikuwa nikishindwa kuingiza hewa, si kuitoa. Mlio ulitokea wakati wa kuvuta, ulianza ghafla nikiwa katika mazoezi, na ulikatika ghafla vilevile.

Ndugu yangu alinirekodi kwa simu wakati hali imeanza, na video hiyo fupi ilinifikisha kwa daktari wa masikio, pua na koo. Alinifanyisha mazoezi hadi shida ikaanza, kisha akapitisha kamera nyembamba puani. Nyuzi za sauti zilikuwa zinafunga pale zinapopaswa kufunguka. Kamera hiyo ingepitishwa nikiwa nimetulia, huenda isingeona kitu. Tiba yake ni mazoezi yanayofundishwa na mtaalamu wa usemi: kunusa kwa haraka kupitia puani, halafu kutoa pumzi taratibu kwa sauti ya “sss”. Hata mazoezi nimeyarudia.

Mleta mada

Nimesoma kwa makini na nimejichunguza. Yangu huja nikiwa nimekaa, hasa jioni, na kwenye ngazi sisumbuki. Vidole na pembeni mwa mdomo hufa ganzi, na nikishughulika na jambo husahau kabisa.

Mchangiaji wa tano

Hayo uliyoyaandika nayafahamu vizuri. Kwangu tatizo lilikuwa mtindo wa upumuaji: nilivuta hewa nyingi kuliko mwili ulivyohitaji, kabonidayoksaidi ikapungua kwenye damu, na hapo ndipo ganzi, kizunguzungu na ile hamu ya kuvuta zaidi vilipotoka. Mtu anahisi kweli, hajitungii. Mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha kupumua puani, polepole, tumbo likitangulia kifua, na ilichukua miezi mwili kuzoea. Hata hivyo usijipe jibu hili mwenyewe kabla ya wingi wa damu na spirometri, kwa sababu mtu anaweza kuwa na pumu na mtindo huu kwa pamoja.

Kwa wanaosubiri majibu, bila kujali chanzo: kaa ukiinama mbele, viwiko juu ya magoti, toa pumzi kwa midomo iliyobanwa, na uelekeze feni ndogo usoni. Hewa inayopita usoni hupunguza hisia ya kukosa pumzi, na jambo hilo limechunguzwa kitaalamu.

Mleta mada

Nashukuru sana. Naanza leo kuandika saa, mkao na kilichotangulia, na nitaomba wingi wa damu na spirometri kwa majina yake. Mchangiaji wa tano, naomba unieleze jambo moja: njaa ile ya hewa ilipokujia, ulianza na zoezi gani?