Gombe kwa siku moja ukitokea Kigoma mjini, inawezekana kweli?

Mnyamwezi wa Isevya

Habari za asubuhi wakuu, na wenyeji wa Kigoma mwakeye. Mimi nipo Tabora, mwezi wa nane tunakuja huko kwenye harusi ya shemeji yangu, harusi yenyewe jumamosi, jumapili kuvunja kamati na kupumzika, jumanne alfajiri basi la kurudi, kwahiyo nimebakiwa na jumatatu tu na hiyo jumatatu nataka niende Gombe. Toka niko shule ya msingi nasikia habari za sokwe wa Gombe na yule mtafiti wao Jane Goodall, alipofariki Oktoba 2025 nikakaa nikawaza, mimi nimezaliwa mkoa wa jirani kabisa, nina miaka 38, sijawahi kukanyaga pale na watu wanavuka bahari kuja kupaona.

Naskia kuna boti za abiria zinatoka Kibirizi hapo karibu na mjini, naweza kwenda nazo nikarudi siku hiyohiyo? Nitakuwa na mke wangu na kijana wetu wa miaka 9 anapenda wanyama balaa. Na kule kutembea kwenyewe kukoje, maana sisi wa Tabora miguu yetu imezoea tambarare.

Jirani wa Kibirizi

Mwakeye mkuu, karibu mwisho wa reli. Kwenye boti za abiria nikwambie mapema usije ukakwama. Zile ni za watu wa vijiji vya kaskazini, Mwamgongo, Kagunga na kuendelea, zinaondoka mchana watu wakishamaliza shughuli zao mjini, zinapakia magunia, kreti za soda, mabati, wakati mwingine na mbuzi, halafu njiani zinashusha watu kijiji kwa kijiji, mpaka ufike Kasekela ambako ndio makao ya hifadhi jua linaelekea kuzama. Kurudi zinapita asubuhi mapema. Yaani kwa boti ya abiria lazima ulale, hakuna ujanja mwingine. Barabara ya kuingia hifadhini hakuna, gari hakuna, ni ziwa tu.

Kwa siku moja inabidi mkodi boti. Boti ya mbao yenye injini ya kawaida weka masaa mawili na zaidi kwenda, ile ya mwendokasi ni kama saa moja hivi. Tafuta watu wengine wa harusini mchange, maana mafuta ndio yanayokula hela, boti ikibeba wawili au wanane safari ni ileile. Muondoke saa kumi na mbili asubuhi. Na usipande boti isiyo na jaketi okozi la kila mtu, hata kama mwenye boti ni ndugu wa bwana harusi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mkuu, hapa hatuzungumzii bwawa la Igombe. Mwezi wa nane ni msimu wa upepo wa kusini, ziwa likichafuka linachafuka kweli, nahodha akisema tusubiri basi subirini, msimlazimishe kwa sababu mna basi kesho yake. Mimi nimekulia kwenye haya maji, watu niliowaona wakipata matatizo wengi walikuwa na haraka.

Mwalimu Mama G

Mdogo wangu hongera kwa safari. Mimi nimeshapeleka wanafunzi wa sekondari mara mbili, kwahiyo nakueleza nilichokiona.

Kwanza huyo kijana wa miaka 9. Msituni kufuata sokwe hawatamruhusu, watoto wadogo hawaingii, na usije ukabishana na askari getini. Kuna sababu nzito, mwaka 2002 hapohapo Gombe sokwe dume alimnyakua mtoto mdogo akamuua. Sokwe mkubwa ana nguvu kukuzidi wewe baba mzima, na kitoto kwake ni kama kima, na kima ni chakula chake, wale mbega wekundu wanawindwa kila siku. Kwahiyo ama abaki na bibi yake mjini, ama mmoja wenu akae naye ufukweni Kasekela.

Pili, na hili naomba ulisome mara mbili. Kama kuna mwenye mafua au kikohozi siku hiyo, hata kidogo, asiende. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu na yanawaua. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliingia Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki na mikono imelegea mpaka mwisho wao. Waliopo sasa hivi ni kama mia moja tu, hifadhi yenyewe ndogo, na pembeni vijiji vimeizunguka, hawana pa kukimbilia. Safari yangu ya pili niliamka na mafua, wanafunzi wangu wakaniambia mwalimu vaa tu barakoa twende, hakuna atakayejua. Nilibaki kambini. Niliumia jamani, nimekaa kwenye ngazi naangalia watoto wanapotelea kwenye miti na mimi ndiye niliyeandaa safari toka mwezi wa tatu. Lakini ningepata wapi usingizi kama ningesikia wiki mbili baadae kuna sokwe kafa kwa kikohozi.

Na harusini mtakumbatiana na watu mia tatu, kwahiyo jiangalieni.

Mzee wa Vilimani

Kwenye kutembea nijibu mimi. Ziwa liko kama mita 770 kutoka usawa wa bahari na kule juu kwenye ukingo wa bonde la ufa unapita 1,500, na huo mwinuko wote upo kwenye kilomita chache sana. Yaani ukitoka ufukweni unaanza kupanda hapohapo. Mabondeni ni msitu mzito wenye vijito, ukipanda unatokea kwenye miombo kama ya kwenu Tabora kabisa, juu zaidi ni majani matupu. Kuanzia mwezi huo wa nane matunda ya mbula yanaiva na sokwe wanayapenda kama mnavyoyapenda ninyi, kwahiyo wanaweza kuwa juu kwenye miombo, mkawafuata masaa manne. Wanaweza pia kuwa karibu, dakika 40 umewakuta kwenye michikichi. Hakuna anayeweza kukuahidi. Mwongozo anawasiliana na wale vijana wanaowafuatilia toka alfajiri, ndio wanajua wamelala wapi.

Ukiwakuta ni saa moja tu, barakoa usoni, mita 10 kwa uchache, na wakija kwako wewe ndio unarudi nyuma. Ukibakiwa na nguvu pita maporomoko ya Kakombe, ni karibu na Kasekela, hata mguu uliochoka unafika. Kile kilele alichokuwa anakaa Jane na darubini yake mwaka 1960 ni kizuri mno, unaona ziwa mpaka milima ya Kongo, ila kwa siku moja usichanganye kilele na sokwe wa mbali, jioni utashindwa hata kupanda boti.

Viatu vyenye meno, mwezi wa nane njia ni kavu na vumbi lake linateleza kuliko tope. Maji lita mbili kila mtu. Suruali ndefu. Chakula usikitoe nje hovyo, nyani wa pale ufukweni wanapora mkate mkononi, kula ndani.

Jirani wa Kibirizi

Naongezea, chukua kitambulisho cha NIDA, mtanzania analipa kwa shilingi na ni hela ndogo ukilinganisha na mgeni, na malipo ni kwa kontroo namba, pitia ofisini mapema usifike na noti mkononi.

Mnyamwezi wa Isevya

Aisee nawashukuru sana, hasa Mwalimu. Nimekaa na mke wangu tumesoma yote, tumeamua basi tulisogeze jumatano ili ziwa likikataa jumatatu twende jumanne. Msituni tutaingia kwa zamu ya haki, yeye ndiye ataenda na sokwe maana ndiye ana pumzi na kijana ananiamini zaidi mimi kwenye maji, mimi nitabaki naye ufukweni tuangalie nyani na samaki, halafu mwongozo akikubali mchana mimi nitapanda Kakombe peke yangu. Mashemeji wanne wameshasema wanachangia boti. Kijana kalia kidogo, nikamwambia akikua ataenda, kaniuliza watakuwepo?

Mwalimu Mama G

Mwambie ndiyo maana mama anavaa barakoa.