Sherehe ya mtoto wa miaka 5 yenye kazi za mikono: Tingatinga, shanga au kanga ndogo?

Mama wa Mbezi
Habari zenu wanajukwaa. Binti yangu atatimiza miaka 5 mwezi ujao, na safari hii nimeamua kuachana na muziki wa kukodi ili watoto wakae wafanye kazi ya mikono ambayo kila mmoja ataondoka nayo. Watakuwa kumi wa rika lake, pamoja na wadogo zao wawili ambao hawajafikisha miaka 3. Tutakaa uani, chini ya turubai. Nina mawazo matatu: kuchora wanyama kwa mtindo wa Tingatinga, kutunga shanga, au kila mtoto kupiga chapa kanga yake ndogo kwenye kitambaa cheupe. Naomba mnilinganishie gharama, uchafu na, zaidi ya yote, kile ambacho mtoto wa umri huu anaweza kukimaliza mwenyewe pasipo mtu mzima kumshika mkono.

Mchoraji wa Msasani
Ningechagua Tingatinga, ila usifuate vifaa vya asili. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Rangi ya namna hiyo hunuka, huchelewa kukauka na huhitaji tapentaini kuitoa, jambo lisilofaa kwa ngozi ya mtoto. Chukua rangi ya maji ya shuleni na maboksi yaliyokatwa, uyapake rangi moja siku iliyotangulia, kisha uchore mstari wa nje wa chui au twiga. Kazi ya mtoto ni madoa, ambayo huyaweka kwa kidole au kwa kijiti cha pamba. Ndiyo njia nafuu kuliko zote tatu.

Mwalimu wa Chekechea
Shanga ningeziondoa kabisa kwa sababu ya hao wadogo wawili. Sisi tunapima kwa bomba tupu la karatasi ya chooni: chochote kinachopita ndani yake hakikai mezani penye mtoto aliye chini ya miaka 3, na shanga zote za Kariakoo zitapita. Makaroni yenye tundu yaliyotiwa rangi ya chakula na siki yanapendeza, lakini nayo yanapita bombani. Wadogo wape unga wa kufinyanga: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji na kijiko cha mafuta. Wasimamiwe, kwa maana chumvi hiyo ni nyingi mno kuliwa.

Bibi Fundi, Tanga
Mwanangu, mimi nasema kanga, tena kwa sababu ya hilo la kumaliza mwenyewe. Kanga ya kawaida ina upana wa takriban sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo kipande cha 45 kwa 33 kinabaki na umbo lile lile, na mita moja na nusu ya pamba nyeupe yenye upana wa sentimita 150 itakutolea vipande 12. Ifue kwanza itoke wanga, la sivyo rangi haitashika. Pindo liwekwe kwa kipande cha sifongo kilichokatwa mraba, ambacho mtoto anakizungusha ukingoni kote. Mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, upigwe kwa bamia iliyokatwa kati, kwa kuwa inatoa ua bila mtu kuchonga chochote. Ipanguse bamia utelezi wake kila baada ya chapa chache. Jina la mtoto liandikwe na mkubwa kwa kalamu ya kitambaa, maana herufi za kuchonga kwenye mbatata lazima zichongwe kinyumenyume, na ukisahau, kanga nzima itasomeka kwenye kioo tu.

Mchoraji wa Msasani
Shikamoo Bibi. Hoja ya bamia nimeikubali, lakini rangi ya kitambaa ni ghali na haitoki kwenye nguo za sherehe.

Bibi Fundi, Tanga
Marahaba. Ndiyo maana wavae fulana kuukuu za baba zao, na rangi ziwe mbili tu, zikiwa zimemiminwa kidogo kidogo kwenye visahani vyenye sifongo, si kwenye vikombe.

Mama wa Mbezi
Nashukuruni sana. Basi ni kanga kwa wakubwa na unga kwa wadogo, kila kundi na mkeka wake, na maboksi ya Tingatinga nitayaweka akiba kwa watakaomaliza mapema. Je, rangi itakauka kabla hawajaondoka?

Bibi Fundi, Tanga
Anza na kanga, keki ifuate baadaye. Zianike kwenye kamba wakati wanacheza, kisha mkubwa mmoja apige pasi kavu upande wa nyuma mara zitakapokauka, ili rangi isitoke zikifuliwa. Ikinyesha, wape mikononi zikiwa zimelazwa kwenye gazeti, zisikunjwe, na umwambie kila mzazi apige pasi kesho yake.

Mwalimu wa Chekechea
Na pasi ikae ndani ya nyumba, si uani.