Projekta inazima katikati ya kipindi

Mwalimu wa Sayansi, Lamu: Assalaam alaykum. Projekta ya Gredi ya 6 inazima baada ya dakika 20, taa ya joto ikiwaka nyekundu. Inatumia betri ya sola, volti 12, ampea-saa 100 (100Ah). Shida ni umeme au mashine?

Fundi wa Langoni: Waalaykum salaam mwalimu. Taa ya joto ikiwaka, usiilaumu betri. Toa chujio la hewa ubavuni: chumvi ya bahari, vumbi na unyevu hugandana humo kama uji mkavu, feni ikakosa pumzi. Sugua kwa brashi laini, si kwa maji. Acha sentimita 30 wazi kila upande. Na usichomoe waya kabla feni haijasimama. Balbu nyingi huuawa hivyo!

Mama Hesabu: Betri nayo ipigieni hesabu. Projekta ya wati 250, pamoja na upotevu wa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), hula kama wati-saa 290 kila saa. Betri yenu ni 12 mara 100, yaani wati-saa 1,200; ikiwa ya asidi usiishushe chini ya nusu, yaani tumieni 600 tu. Vipindi vitatu vya dakika 40, basi.

Mwalimu wa Shela: Na pazia la kuonyeshea picha la nini? Ukuta wa chokaa nyeupe watosha. Ziba dirisha la upande wa jua tu.