Naomba ushauri: kununua farasi wa miaka 13, kumfundisha mbio za masafa marefu, kisha kumuuza

Ndugu zangu, habari za majukumu. Ninaishi Barka, Oman, na nimeonyeshwa farasi maksai wa Kiarabu mwenye umri wa miaka 13, ambaye hadi sasa amekuwa akipandwa kwa matembezi ya ufukweni tu. Nia yangu ni kumfundisha hadi amalize kilomita 80 kwa utulivu, kisha nimuuze kwa mpandaji anayeanza, kwani mpandaji huyo hufaidika zaidi na farasi mtulivu kuliko farasi kijana mwenye papara.

Moyo wake haunitii wasiwasi: baada ya kukimbizwa polepole mchangani, mapigo yalishuka chini ya 64 kwa dakika, kiwango ambacho madaktari wa mashindano hukitazama, kabla hatujamaliza kumvua tandiko na kummwagia maji. Kinachonitatiza ni mguu wa mbele wa kushoto, ambao kano yake ina uvimbe mdogo, mgumu, usio na joto. Muuzaji anasema ni jeraha la zamani lililokwisha kupona (wauzaji husema hivyo daima). Misuli huimarika ndani ya miezi michache, lakini kano na mifupa huhitaji muda mrefu zaidi. Nikimpa misimu miwili atafikisha miaka 15, na wanunuzi wengi watasita.

Naomba wenye uzoefu mnieleze: je, kipimo cha ultrasaundi cha kano kinatosha, au nidai pia picha za eksirei za kwato na viungo kabla ya kutoa hata riali moja? Na je, msimu mmoja wa mbio za kilomita 40 unatosha kumpatia bei nzuri?